Uzuri wa Mkakasi: Gitaa Kuukuu, Soko la Mtandaoni na Wajibu wa Lugha

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mja asihadaiwe na sura ya nje. Ipo ala moja ya muziki, hata hivyo, ambayo huipindua methali hii: gitaa la umeme lenye mwili wa uvungu nusu. Kwa nje ala hii ina umbo la kuvutia. Imebinywa kiunoni, imetobolewa matundu mawili yenye sura ya herufi f, na rangi yake hung'aa mithili ya kioo. Ndani, kuanzia shingoni hadi mwisho wa mwili, mmelazwa kipande cha mti. Kipande hicho si aibu ya ala hii, bali ndicho uhai wake.

Leo hii mwanafunzi wa chuo kikuu anayelitamani gitaa la aina hii, na ambaye amejiwekea akiba kwa mihula kadhaa kwa kujinyima, haendi dukani. Magitaa mapya hayawezi. Hufungua simu yake, akatafuta lililotumika, akatazama picha nne au tano, akasoma mistari miwili ya maelezo, kisha akatuma pesa. Baada ya siku chache hupokea mzigo. Mara nyingine hupokea ala itakayomfaa kwa miaka mingi. Mara nyingine hupokea ubao uliopakwa rangi, usioweza kupigwa, nao huishia mvunguni mwa kitanda pamoja na akiba ya mwaka mzima.

Makala haya yanashikilia kuwa tofauti kati ya matokeo hayo mawili si bahati. Mnunuzi wa mtandaoni, kabla ya kununua gitaa, hununua maneno. Maneno yakiwa hafifu, ununuzi huwa hafifu. Kwa hivyo suala hili, ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa la wanamuziki pekee, lawahusu pia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Ala yenyewe na siri yake

Thamani ya kipande hicho cha mti haieleweki pasipo historia fupi. Magitaa mengi ya mwanzo ya umeme yalikuwa na mwili wa uvungu mtupu, mfano wa sanduku. Sauti yake ilikuwa nene na ya kupendeza. Lakini mpigaji alipoongeza nguvu ya amplifaya, sauti iliyotoka kwenye spika ililitikisa sanduku, sanduku likazitikisa nyuzi, nazo nyuzi zikairudisha sauti ile ile kwenye amplifaya hadi ukazuka mvumo mkali usiovumilika. Magitaa ya mti mzima yaliyoenea katika miaka ya 1950 yaliudhibiti mvumo huo, ila yalikosa ule ulaini wa sanduku.

Mnamo mwaka 1958, kampuni ya Gibson ya Marekani, ambayo wakati huo iliongozwa na Ted McCarty, ilitoa gitaa liitwalo ES-335. Katikati ya mwili wake mliwekwa gogo la mti wa mepo, na pande zote mbili zikaachwa mbawa zenye uvungu. Gogo huzuia mvumo, mbawa hutunza ulaini. Huo ndio uvungu nusu.

Gitaa hilo la asili ni ghali mno. Ndiyo maana yakazuka magitaa ya gharama nafuu yanayofuata muundo huo huo. Epiphone, kampuni iliyo chini ya Gibson tangu mwaka 1957, imewahi kuuza gitaa la Dot. Nayo Ibanez ilianzisha ukoo wa Artcore mwaka 2002, ambamo mna AS73. Magitaa haya hutengenezwa katika viwanda vya Asia, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya lile la asili. Hayo ndiyo yanayosakwa na mnunuzi mwenye mfuko mwepesi, hasa yakiwa yamekwisha kutumika.

Kwa Mwafrika wa Mashariki gitaa si mgeni. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alilipiga huku akiimba kwa Kiswahili. Fadhili William na Daudi Kabaka walilifanya kuwa sauti ya Nairobi ya miaka ya 1960. Wapigaji wa benga, akiwemo D. O. Misiani aliyeaga dunia mwaka 2006, walizifanya nyuzi zake zinene kama nyatiti. Kijana wa leo anayelitafuta gitaa haigi ugeni. Anadai urithi wake, ila anaudai kupitia soko ambalo hakulirithi kutoka kwa yeyote.

Soko lisilo na mkono

Wakenya ni mabingwa wa kununua vitu vilivyotumika. Anayekwenda Gikomba kununua koti la mtumba hamwulizi muuzaji maswali mengi. Hulishika koti, akaligeuza ndani nje, akavuta mshono, akachungulia kwapani, akalinyanyua kwenye mwanga. Mkono na jicho humtosha. Hata muuzaji akiapa kwa miungu yote, mkono una neno la mwisho.

Katika soko la mtandaoni mkono huo haupo. Jicho nalo huona kile tu ambacho muuzaji ameamua kukionyesha. Isitoshe, gitaa la uvungu nusu ni miongoni mwa vitu vigumu kabisa kuhukumiwa kwa picha, kwa kuwa kasoro zake kubwa hujificha. Zitazamwe tatu tu.

Kwanza, kichwa cha magitaa mengi ya muundo huu kimelazwa kwa kuelekea nyuma. Gitaa likianguka chali, uzito wote huishia pale shingo inapokutana na kichwa, na hapo ndipo mti hupasuka. Mpasuko huo unaweza kugandishwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Fundi hodari akiuganga, gitaa laweza kudumu miaka mingi. Fundi wa kubahatisha akiuganga, nyuzi zitakapokazwa shingo itafumuka tena. Picha iliyopigwa kwa mbele haionyeshi lolote kati ya hayo.

Pili, nyaya za umeme za gitaa hili zimo ndani ya mwili, nao mwili huo kwa kawaida hauna mlango kwa nyuma. Kitasa cha sauti kikianza kukwaruza au tundu la waya likilegea, fundi hulazimika kuvitoa vifaa vyote kupitia lile tundu la herufi f, akavitengeneza, kisha akavirudisha kimoja kimoja kwa kuvivuta na uzi hadi kila kimoja kifike kwenye shimo lake. Ukarabati ambao katika gitaa la mti mzima ni wa dakika chache, hapa unaweza kula nusu siku. Malipo ya fundi yakijumlishwa, unafuu wa bei hutoweka.

Tatu, na hapa methali inarejea, yapo magitaa ambayo kwa nje yanafanana na haya ilhali ndani hayana gogo. Gitaa la Casino la Epiphone, lililoanza kuundwa mwaka 1961 na ambalo John Lennon wa kundi la Beatles alilitumia, lina uvungu mtupu. Ni ala nzuri kwa haki yake. Hata hivyo, anayenunua Casino akidhani ananunua Dot, kisha akaipeleka kwenye bendi yenye kelele nyingi, atakutana na ule mvumo wa kale. Picha ya mbele haitamwonya.

Lugha ya muuzaji

Maadamu mkono haupo na jicho limefungwa nusu, kinachosalia ni neno. Je, neno hilo likoje? Chukua tangazo la kubuni, lakini la aina inayojulikana na kila aliyepita katika masoko hayo: "Gitaa safi kabisa, kama jipya, limetumika kidogo, lina mikwaruzo ya kawaida, shingo ilirekebishwa, bei ya kutupa." Mwanafunzi wa isimu akilichambua tangazo hili atagundua kwamba lina maneno mengi na habari kidogo mno.

Kivumishi "safi" ni cha tathmini. Kinaeleza hisia ya muuzaji, hakielezi hali ya gitaa. "Kabisa" huongeza sauti ya hisia hiyo pasipo kuongeza maana. "Kama jipya" ni tashbihi, na kila anayefundisha fasihi anajua kwamba tashbihi hulinganisha vitu viwili tofauti. Kusema gitaa ni kama jipya ni kukiri kwamba si jipya, bila kusema limechakaa kwa kiasi gani. "Limetumika" imo katika kauli ya kutendeka, kauli ambayo humwacha mtenda gizani. Aliyelitumia ni nani? Mwanafunzi aliyelipiga chumbani mwake jioni, ama bendi iliyolipiga usiku kucha kwa miaka sita? "Kidogo" haina kipimo. "Kawaida" nayo ni kawaida ya nani?

Kitenzi "ilirekebishwa" ndicho chenye uzito kuliko vyote, na ndicho kilichopitishwa kwa haraka kuliko vyote. Kauli ya kutendwa imemficha fundi, imeficha tarehe na, muhimu zaidi, imeficha kisa. Shingo hairekebishwi pasipo sababu. Ama ilipinda, ama ilipasuka, ama ilitenguka. Tangazo limetaja tiba likauficha ugonjwa. Kisha ikaja "bei ya kutupa", sitiari ambayo mnunuzi huipokea kwa furaha pasipo kujiuliza kwa nini mwenye mali anaona heri kuitupa.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kudai kwamba wauzaji wote ni walaghai. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wako wauzaji waaminifu wenye vitu vizuri ambao matangazo yao ni hafifu vile vile. Sababu ni moja: hawana maneno. Muuzaji asiyejua jina la kitu hawezi kukitaja hata akiwa mkweli kama mizani. Anaona mistari midogo iliyochimbika kwenye vyuma vya shingoni, lakini hajui vyuma hivyo huitwaje wala mistari hiyo ina maana gani, basi anaandika "safi". Ukosefu wa msamiati humfanya mkweli azungumze kama mwongo, na humpa mwongo mahali pa kujificha miongoni mwa wakweli. Hapo ndipo lugha inapokuwa suala la haki.

Maswali yenye mizani

Dawa ya kivumishi ni swali lenye mizani, yaani swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "safi". Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika soko hili kutouliza ndiko ujinga, na ni ujinga wa gharama.

Badala ya kuuliza "Shingo iko sawa?", mnunuzi na aulize: "Tafadhali piga picha ya nyuma ya shingo, pale inapokutana na kichwa, kwenye mwanga wa jua." Mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka utaonekana. Badala ya kuuliza "Linalia vizuri?", na aombe rekodi ya video ambamo kila uzi unapigwa kwenye kila freti, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, taratibu. Freti iliyolika au iliyoinuka itajifichua kwa kukwaruza au kwa kuizima sauti. Badala ya kuuliza "Nyuzi ziko juu?", na aombe kipimo cha nafasi iliyoko kati ya uzi na freti ya kumi na mbili kwa milimita. Milimita mbili hivi kwa uzi mnene haziwezi kumshtua mtu. Nne zapaswa kumshtua, na zinadai swali jingine: je, chuma cha ndani ya shingo bado kinazunguka, au kimekwama? Kuhusu umeme, na aombe kila kitasa kizungushwe na kila swichi igeuzwe gitaa likiwa limeunganishwa na amplifaya.

Kisha lije swali la mkakasi. Muuzaji na aangaze tochi ndani ya tundu la herufi f na kupiga picha. Gogo likiwapo, ubavu wake utaonekana umesimama kama ukuta. Karatasi yenye jina la gitaa, ikiwa bado imebandikwa humo, itasomeka. Kwa mara nyingine kipande cha mti kilicho ndani kitatoa ushahidi dhidi ya uzuri wa nje, au kwa niaba yake.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Yatampa maneno aliyoyakosa. Asiye mwaminifu atanyamaza, au atasema kuna mteja mwingine njiani na kwamba pesa zitumwe sasa hivi. Haraka hiyo ni jibu tosha. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, pesa zimekuwa zikisafiri kasi kuliko fikra, na zilizokwisha kutumwa kwa mtu asiyejulikana hazirudi kwa urahisi. Heri kukutana mahali penye watu, gitaa likapigwa, ndipo pesa zitumwe. Aliye mbali na amtume rafiki anayejua kupiga.

Kwa yule anayeagiza kutoka ng'ambo, mizani huongezeka. Bei iliyotangazwa si bei ya mwisho. Kuna nauli, ushuru wa forodha, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16 na tozo nyingine. Aidha, ubao wa vidole wa magitaa mengi ya zamani umetengenezwa kwa rosiwudi, mti wa jamii ya Dalbergia, ambayo ndiyo jamii ya mpingo wetu. Mwaka 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES uliiweka jamii hiyo nzima chini ya udhibiti, na magitaa mengi yakahitaji vibali kuvuka mipaka. Mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa, isipokuwa zile zenye rosiwudi ya Brazili, ambayo inalindwa vikali zaidi. Mnunuzi na aulize jina la mti kabla ya kulipa.

Haki na lugha

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Vifungu hivi viwili havisomwi pamoja mara nyingi, ilhali vinaitana. Habari isiyoeleweka si habari. Haki ya kuelezwa haitimii ikiwa lugha ya taifa haina maneno ya kuelezea, au inayo lakini yamefungiwa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba wapigaji gitaa wote hutumia maneno ya Kiingereza, na kwamba kuwaundia istilahi ni kuwapa mzigo wasiouomba. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Istilahi zilizotungwa mezani na watu ambao hawajawahi kukaza uzi hufia mezani. Hakuna haja ya kuifukuza "freti", kwa kuwa imekwisha kuvaa vazi la Kiswahili na inatembea kwa miguu yake. Hata "pikapu", kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, inaweza kubaki, ingawa msikilizaji atalazimika kubaini kama panazungumziwa gitaa au gari la mizigo.

Lakini hoja hiyo inasahau mengi. Gitaa kwa Kiswahili tayari ni kiwiliwili: lina kichwa, lina shingo, lina mwili, lina kiuno, na nyuzi zake hupita juu ya daraja. Maneno haya hayahitaji kamati. Yanahitaji kuandikwa pamoja na maana zake, na yale yanayokosekana yatafutwe kwa mafundi wanaozikaza nyuzi hizo kila siku. Fundi aliyegandisha shingo ishirini ana majina ya aina za mipasuko ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Wengine watasema gitaa la bei nafuu halistahili udadisi wote huu. Nafuu kwa nani? Kwa tajiri hasara hiyo ni kero ya siku moja. Kwa mwanafunzi aliyeruka chakula cha mchana ili aweke akiba, huenda ikawa mwisho wa muziki wake.

Hitimisho

Chama cha Kiswahili chenye wanachama thelathini kinaweza kuifanya kazi hii katika muhula mmoja. Wanachama wachache na waende kwa mafundi wa ala za muziki mjini mwao, wasikilize, waandike, kisha watoe ukurasa mmoja wenye majina ya sehemu za gitaa, majina ya kasoro zake na maswali kumi ya kumwuliza muuzaji. Wahadhiri wa isimu na walitumie tangazo la biashara darasani kama matini, kwa maana hakuna matini inayoonyesha nguvu ya kauli ya kutendwa kwa uwazi kuliko ile iliyomgharimu mtu akiba yake. Kazi hiyo ikikamilika kwa gitaa, njia itakuwa imefunguliwa kwa simu, tarakilishi na pikipiki zilizotumika, ambazo nazo huuzwa kila siku kwa maneno "safi kabisa".

Lugha husifiwa kwa utamu wake katika mashairi, nayo yastahili sifa hiyo. Lakini lugha iliyokomaa hujulikana pia kwa kuweza kumulika ndani ya tundu jembamba na kusema bila kusitasita kilichomo ni nini. Uzuri wa mkakasi utaendelea kung'aa kwenye picha. Mwenye maneno ndiye atakayejua, kabla pesa hazijaondoka mfukoni, kama ndani mna kipande cha mti au hamna kitu.